Mashine Isiyotoka Oktoba

Boti ya jeshi ilikuwa iondoke saa nane mchana kwenda Goma, na saa nne asubuhi ilimkuta Inspekta Zagabe bado anapanda vilima vya Kadutu, koti begani, moyo juu, hana jambo mkononi ila karatasi moja.

Ilikuwa karatasi ya kawaida, imekunjwa mara nne, na pembe zake zina tope jekundu la njia ya Mwenga. Lakini karatasi ile ilikuwa imekwisha kuua watu wawili, na kabla ya jioni ingemmeza wa tatu.

Jumanne ya wiki iliyopita, tarehe 13 Novemba 2001, gari la shirika la kupeleka dawa vijijini lilivamiwa milimani, kabla halijafika Mwenga. Shoferi Léopold na muuguzi aliyekaa kando yake waliuawa kwa risasi. Dawa zilichukuliwa zote. Siku nne hazijapita, katoni zake zikaonekana soko la Kadutu, muhuri wa shirika ungali juu yake. Mkulima aliyefika wa kwanza penye maiti ndiye aliyeiokota karatasi porini, mahali walipojificha wavamizi: programu ya safari, njia, saa za kupita, mzigo, na jina la shoferi. Juu, pembeni, kompyuta ilikuwa imeandika yenyewe siku na saa ya kuchapwa: 11/10/2001, 10:20.

Waasi walioushika mji kwa mwaka wa nne sasa hawakutaka ushahidi zaidi ya huo. Daftari la mahudhurio lilionyesha kuwa Alhamisi hiyo, tarehe 11 Oktoba, ofisini alikuwako mtu mmoja tu, Séraphine, karani wa hifadhi ya dawa. Mkuu wa ofisi, Apollinaire, alikuwa Uvira. Fundi wa kompyuta, Parfait, alikuwa matangani. Kapiteni wao, Ignace, akamtia Séraphine katika chumba kisicho na dirisha, na leo, siku ya sita, angempakia botini. Waliopakiwa boti ile kwa kosa la kuuza siri za safari, hakuna aliyewahi kurudi kusimulia Goma inafananaje.

"Nina inspekta mumoja wa polisi anasema huyu maman hana kosa," Kapiteni alikuwa amemwambia jana, akicheka. "Sawa. Leta mwenye kosa mbele ya saa nane. Boti yangu haiteseke kungoja."

Zagabe aliuchapa mlango wa mbao kwa kiganja. Alikuwa amepoteza siku tatu nzima kumwinda mwenye nyumba hii, Willy, shoferi aliyepaswa kuendesha gari lile na ambaye, kwa bahati iliyomkera Zagabe kuliko jino bovu, aliugua wiki moja kabla ya safari. Ugonjwa wenye macho makali namna hiyo aliuona mara chache.

Mkewe ndiye aliyefungua. Willy alikuwa kitandani, amejifunika mablanketi mawili, jasho linamtiririka.

"Umekuja tena, Chef?" alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Malaria njo iliniokoa, na munataka niombe musamaha juu sikukufa?"

"Nataka kujua siku gani uliwaambia hauwezi kwenda."

"Mwonyeshe, mama."

Mwanamke akatoa karatasi ya maabara chini ya Biblia. Tarehe 6 Novemba, damu imejaa vidudu, muhuri wa daktari. Zagabe aliigeuza, akainusa karibu, akaitazama kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa halali.

"Ile siku yenyewe nilimutuma bibi yangu ku ofisi," Willy alisema. "Mpaka ile saa, ni jina yangu njo ilikuwa mu programu. Léopold alikuwa bado anashusha mizigo ku dépôt. Walimuitia palepale. Nilikuwa namupenda Léopold, Chef. Usinifanye niseme tena."

"Pona, papa Willy," alisema Zagabe, na mara ya kwanza katika siku tatu alimaanisha.

Alikuwa ameteremka nusu ya njia, akiwakwepa wauza samaki na mapipa ya mafuta ya mawese, aliposimama ghafula, mama mmoja akamgonga kwa nyuma na beseni la mihogo.

"Weye! Barabara ni ya baba yako?"

Hakumsikia. Alikuwa ameifungua karatasi ya tope. Shoferi: Léopold. Imechapwa tarehe 11 Oktoba. Lakini tarehe 11 Oktoba hakuna mtu duniani aliyejua kwamba Willy angeugua mwezi unaofuata. Jina la Léopold liliingia katika programu tarehe 6 Novemba. Karatasi ilikuwa imeandika jina la mtu karibu mwezi mzima kabla ya mtu huyo kupewa safari.

Ama karatasi hii ilitabiri, ama ilidanganya. Zagabe hakuamini karatasi zinazotabiri.

*

Ofisi ya shirika ilikuwa Nyalukemba, katika nyumba ya zamani ya ghorofa moja. Umeme ulikuwa umekatika tangu Jumatatu, na jenereta askari walikuwa wameibeba "kuiazima." Kompyuta tatu zilikaa gizani zimefunikwa vitambaa vilivyodariziwa, kama redio za wakwe. Parfait, kijana mwembamba mwenye miwani iliyofungwa waya, alikuwa ameketi mbele yao anasafisha kibao cha herufi kwa pamba.

"Hii ilitoka mu mashine gani?" Zagabe aliuliza, hakukaa.

"Ya pa dirisha."

"Unajuaje?"

"Programu ya safari iko mu serveur, ile mashine kubwa kule nyuma. Ni mashine ya pa dirisha peke yake njo inaweza kuisoma."

"Peke yake? Juu ya nini?"

Parfait akanyanyuka kidogo. Alikuwa mtu wa kupenda kuulizwa.

"Serveur ni zawadi ya bailleur, mufazili wetu, na habari zake ziko mu base de données ya kampuni moja. Mashine zetu hizi ziko na programu ya kampuni ingine. Hazisikilizane, Chef. Kila kampuni inafunga mulango yake. Ni kama mama Mushi anauzisha na Mulega anakuja kununua, hakuna mwenye kujua luga ya mwenzake. Unatafuta mukalimani. Ule mukalimani tunamuita pilote."

"Na pilote hii iko pa dirisha tu."

"Nilijaribu ile ya bure. Serveur ni ya zamani, ikaikatala. Nikajaribu ingine, ikageuza siku na mwezi, ikakula majina yenye accent: Séraphine inatoka na alama ya kuuliza katikati. Moja tu njo ilikubali, ya kampuni ya tatu. Lakini ile wanaiuzisha Ulaya. Sisi tuko na licence ya majaribio. Mashine moja, basi."

"Majaribio ya siku ngapi?"

Kidole cha Parfait kikasimama juu ya kibao.

"Makumi tatu."

"Uliiweka lini?"

"Trois octobre."

Zagabe alitembea hadi dirishani, akarudi. Alihesabu kwa vidole bila haya, kama mwanafunzi. Tarehe tatu Oktoba, ongeza siku thelathini. Akasimama mbele ya kijana.

"Basi pilote yako ilikufa mwanzo wa novembre, Parfait. Leo ni vingt et un, tarehe makumi mbili na moja. Na juzi lundi, mbele courant haijakatika, miye mwenyewe nilikukuta pale dirishani unaisomesha serveur. Nilikuona na haya macho. Ulikuwa unaongea na maiti?"

Nje, mlinzi alikuwa anakohoa langoni. Parfait alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Mficha uchi hazai," Zagabe alisema polepole. "Na boti inaondoka saa nane."

Kijana alivuta droo. Chini ya nyaya na visanduku alitoa daftari dogo la shule, akalisukuma mezani bila kuinua uso. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mistari miwili tu: *3 oct. Pilote imeanza.* Na chini yake: *31 oct. Nimerudisha 3 oct.*

"Umerudisha nini?"

"Saa. Kalenda ya mashine. Pilote inaangaliaka tarehe ya mashine ili ijue siku zake zimeisha. Mbele ziishe, miye narudishaka nyuma. Kwake, kila siku ni octobre. Haitokake mu octobre."

"Na hakuna mwenye alishituka?"

"Narudisha siku makumi mbili na nane kabisa. Wiki ine. Mercredi inabakia mercredi, jeudi inabakia jeudi. Watu hapa wanaangalia jina ya siku, hawaangalie namba." Palikuwa na kiburi kidogo katika sauti yake hata sasa, kisha kikazimika. "Ni kuiba, Chef, najua. Wazungu wa projet wakijua tunadanganya licence, wanafunga kila kitu. Watu makumi mbili bila kazi, vijiji bila dawa. Nikanyamaza."

Zagabe alilivuta daftari. Tarehe 11 Oktoba ya mashine ilikuwa na maana mbili tu: tarehe 11 Oktoba ya kweli, au siku ishirini na nane baadaye. Ya kwanza haikuwezekana, kwa kuwa Léopold alikuwa bado anabeba maboksi. Ilibaki ya pili. Alhamisi tarehe 8 Novemba, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Siku mbili baada ya Léopold kupewa gari, siku tano kabla ya risasi.

"Huit novembre Séraphine alikuwa wapi?"

"Kamanyola, ku centre de santé, kuhesabu dawa. Tulikuwa wote. Miye nilienda kutengeneza radio yao. Tulitoka asubuhi, tukarudi magaribi."

"Parfait. Hii ya saa, ulielewa lini?"

Kijana aliiokota pamba yake.

"Toka samedi. Nilipoona ile karatasi ku Kapiteni."

Mkono wa Zagabe ulipanda wenyewe, ukashika ukosi wa shati la kijana, ukauachia. Siku nne. Siku nne mwanamke amelala juu ya saruji kwa ajili ya aibu ya fundi.

"Serveur," alisema, sauti imekauka. "Nayo iko mu octobre?"

"Hapana. Saa yake siwezi kugusa, bailleur alifunga. Kila mara pilote inaingia, serveur inaandika siku na saa ya kweli. Ila bila courant haiseme kitu."

"Siku itasema, itasema nini?"

"Itasema huit novembre."

"Chukua karatasi. Andika yote, tangu trois octobre. Tia sahihi. Kisha omba Mungu Séraphine akusamehe, juu miye sijue kama naweza."

Saa ya ukutani, yenye betri na isiyomwogopa mtu, ilisema saa sita na nusu. Zagabe aliikunja taarifa ya Parfait akaiweka mfukoni, na papo hapo akajua haitoshi. Kapiteni angeifuta kwa kiganja. Fundi mwoga anayekiri wizi ili kumwokoa mwenzake, na mashine inayohitaji umeme ambao haupo! Alihitaji mdomo ambao jeshi lilikuwa limekwisha kuuamini. Ulikuwapo mmoja tu, nao ulikuwa ghorofani: wa mkuu wa ofisi.

*

Apollinaire alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye kalamu ya wino katika mfuko wa koti, na dirisha lake lilitazama ziwa.

"Papa Inspecteur! Kaa, kaa. Unatembea sana, utakonda. Dossier imefika wapi?"

Zagabe aliketi kwa uzito, akatoa karatasi zake za taarifa akazipanga, akashusha pumzi ya mtu aliyeshindwa.

"Nimechoka, papa Apollinaire. Nilifikiri Willy. Si Willy. Kapiteni ana haki: ni huyu mwanamuke. Lakini dossier iko nyembamba. Karatasi aliitoa mu ofisi, sawa. Alimupa nani? Wapi? Ku Goma watauliza, na miye njo nitaonekana mujinga."

Apollinaire aliegemea nyuma. Katika macho yake palipita kitu kama faraja, kisha kitu kama njaa.

"Maskini Séraphine," alisema. "Miye nilimuchukua kama binti yangu. Lakini kama ni lazima niseme..."

"Sema tu. Nakuandikia."

"Kamanyola."

"Kamanyola?"

"Mupaka pande mbili, Inspecteur! Watu wa kila namna wanapita kule. Alienda ku mission ya kazi, na siku chache baadaye, pah! Gari inashambuliwa. Unaona?"

"Naona. Siku gani?"

Apollinaire alifungua ajenda yake yenye jalada la ngozi, akalamba kidole, akafunua.

"Jeudi, huit novembre. Ordre de mission, ruhusa ya safari, nilitia sahihi miye mwenyewe."

"Si angeweza kupita hapa kwanza? Kapiteni atauliza."

"Hapana, hapana! Alitoka saa kumi na mbili ya asubuhi, akarudi saa kumi na moja. Siku muzima alikuwa kule. Andika: siku muzima! Nani anajua aliongea na nani?"

"Siku... nzima..." Kalamu ya Zagabe ilitambaa polepole. "Na Parfait?"

"Walienda naye. Lakini ule ni mutoto, anaangalia nyaya tu. Mutu anaweza kuuzisha inchi mbele yake, haone."

"Kwa hiyo hapa ofisini, huit novembre, hapakuwa mutu."

"Ah, miye!" Apollinaire alijipiga kifua, amekerwa kidogo. "Ofisi yangu haibakiake bila mutu. Wengine nilikuwa nimewatuma ku dépôt. Nilifungua miye, nikafunga miye, funguo zote mu mufuko yangu. Hata nzi haikuingia."

"Naandika hata nzi?"

Wakacheka wote wawili. Kicheko cha Zagabe kilimkwaruza koo.

Aliisoma taarifa kwa sauti, neno kwa neno, bila haraka, ingawa kila dakika ilimpiga mbavuni. Apollinaire alitikisa kichwa, akasahihisha mahali pamoja, akataka "siku nzima" ipigwe mstari. Kisha akatoa kalamu yake ya wino, akaandika chini ya kila ukurasa *lu et approuvé*, imesomwa na kukubaliwa, akatia sahihi yenye mkia mrefu, akaupuliza wino ukauke.

Zagabe alizikusanya karatasi. Alipokwisha kuzitia ndani ya koti, akiwa ameshika kitasa cha mlango, aligeuka.

"Nilisahau. Jina ya Léopold mu programu, nani aliandika?"

"Miye. Le six, ile siku Willy aliangu..."

Neno lilimkatikia kinywani. Apollinaire aliitazama ajenda, akaitazama kalamu, kama mtu anayesikia mlango ukifungwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Le six novembre," Zagabe alisema. "Na karatasi ya onze octobre ina jina yake. Ilikushangaza, papa, ulipoona ile tarehe ku Kapiteni? Siku ulikuwa Uvira! Ukafikiri Mungu anakupenda."

"Mashine iliharibika..."

"Mashine iko muzima. Ni siku ya huit tu inakosa mutu, na umenipa. Umemutoa Séraphine mu ofisi, umemutoa Parfait, umefukuza mpaka nzi. Ukabakia peke yako na funguo." Akafungua mlango. Polisi wawili aliowaagiza kabla ya kupanda walikuwa wamesimama kwenye ngazi. "Mukae naye hapa. Akiomba kalamu, musimupe. Tayari ameandika vya kutosha."

*

Alikimbia. Inspekta wa miaka arobaini na tisa alikimbia mjini mchana kweupe, tai begani, na watu wakampisha kwa kuwa katika miaka ile mtu mzima hakukimbia bure.

Saa nane kasoro dakika saba. Boti ilikuwa imekwisha kuwashwa. Séraphine alikuwa kwenye ubao wa kupandia kati ya askari wawili, pekupeku, kitenge kimoja, mwanga unamchoma macho. Kapiteni Ignace aliipokea taarifa ya Apollinaire, akaisoma. Akaipokea ya Parfait. Akalifungua daftari dogo. Akarudi kwenye taarifa ya kwanza, akaweka kidole juu ya maneno yaliyopigwa mstari.

"Mashine ilisema onze octobre."

"Mashine ilifundishwa kusema vile, mon Capitaine. Mutu huyu hakufundishwa. Alisema mwenyewe, akapuliza wino."

"Na kama unanidanganya?"

"Serveur iko Nyalukemba. Rudisha ile jenereta muliazima, tuma mutu wako asome. Kama haikuandika huit novembre, nitapanda boti hii miye."

Injini ilipiga. Mtu mmoja alifungua kamba ya nyuma, akangoja.

"Huyu Apollinaire," Kapiteni alisema, "alikunywa pombe ku meza yangu dimanche. Alinihurumia juu ya gari." Akatema mate majini. "Orodha yangu ina mutu mumoja. Nipe yeye."

"Ule iko mikononi ya polisi. Atasimama mbele ya majaji wa hapa, na bibi ya Léopold akimuona na macho yake. Boti iende bila mutu."

Zagabe hakupiga hatua mbele wala nyuma. Kapiteni akalifunga daftari, akampiga nalo kifuani, taratibu.

"Mutosheni, aende."

Askari walimwachia. Séraphine alishuka ubaoni akipapasa kwa miguu, akafika nchi kavu, akasimama kana kwamba hajui afanye nini na mikono yake. Zagabe alivua koti akamtupia mabegani. Boti ilivuta kamba, ikatoka.

"Papa Zagabe," mwanamke alisema, midomo imepasuka. "Mule ndani niliacha kuhesabu. Leo ni tarehe ngapi?"

Zagabe alimfunga koti kifungo cha juu.

"Vingt et un novembre, maman," alisema. "Ya kweli."